UZI: Kuandika historia ya mama mzee na ndoa yake, ya kusomwa kilioni (Lubumbashi)

KaraniKatuba

Jambo kwa wote. Kwenye vilio (misiba) vyetu vya Lubumbashi, mama mzee aliyeishi na mume mmoja miaka hamsini na zaidi husomewa karatasi ambayo ingeweza kusomewa mama yeyote kutoka Katuba hadi Ruashi: alikuwa mpole, alikuwa na imani, alipenda wageni. Yote ni kweli. Lakini wajukuu wanaondoka pale bila kujua mali yake (mahari) ilipokelewa mwaka gani, nyumba yao ya kwanza ilikuwa mtaa gani, wala nani alishika nyumba mshahara ulipokosekana. Mama wa namna hiyo anastahili karatasi yake mwenyewe. Uzi huu ni kwa wale wanaoshikishwa kalamu na familia, na mara nyingi wanashikishwa kilio kimeshaanza na mazishi ni kesho kutwa.

Urefu kwanza. Anayesoma taratibu kwenye kipaza sauti anamaliza maneno 90 hadi 100 kwa dakika. Dakika sita zinatosha, yaani maneno 550 hivi, kurasa mbili za herufi ukubwa wa 14 zenye mistari iliyoachana. Ukipita dakika nane watu wa nyuma wanaanza kuongea na protokoli, yule anayeongoza shughuli, anakukata. Na atakukata kabla hujafika kwenye ndoa, kwa sababu waandishi wengi wanamaliza ukurasa wa kwanza wote kwa ukoo na shule. Ndoa iingie kabla ya nusu ya karatasi.

Halafu miaka ya ndoa. Kelele nyingi hutokea hapa. Mama aliyeolewa miaka ya 1960 kwa kawaida ana tarehe tatu: siku mali ilipopokelewa, siku ya komini (ofisi ya serikali inayoandika ndoa), siku ya kanisa. Zinaweza kuachana kwa miaka kumi, na mtoto wa tatu akawa ameshazaliwa kabla ya ile ya kanisa. Ukiandika "ndoa ya miaka 58" bila kusema unahesabu kutoka wapi, shemeji mmoja atasimama kukusahihisha mbele ya watu. Andika zote tatu, kila moja na mwaka wake. Hesabu ya jumla itoke kwenye mali, maana ndiyo siku familia mbili zilipokubaliana.

---

BukuLaParokia

Karani, nakubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Kwa Mkatoliki, yubilei inahesabiwa kutoka siku ya kiapo kanisani: 25 ya fedha, 50 ya dhahabu, 60 ya almasi. Kama wazee walishafanya yubilei ya dhahabu, watu wote wa CEV yao (jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani) waliiona. Ukisoma hesabu nyingine kilioni unawavuruga, na kuna atakayedhani yubilei ile ilikuwa ya uongo.

Sasa jinsi ya kupata tarehe ya kanisa pasipo na cheti. Msiende parokiani mikono mitupu kumwambia karani "tafuta ndoa ya mama yetu". Mpelekeeni karatasi yenye majina ya wote wawili jinsi yalivyoandikwa zamani, majina ya baba zao, mwaka wa kukisia, na majina ya wasimamizi wa ndoa kama yanajulikana. Aangalie mwaka mliokisia, kisha miwili kabla na miwili baada. Bila mwaka, karani analazimika kufungua mabuku ya miaka ishirini, na hatafanya hivyo siku ya kilio.

Na hili wengi hawalijui: ndoa ya Kikatoliki huandikwa mahali pawili. Inaandikwa kwenye buku la ndoa la parokia walikofungia, kisha taarifa hutumwa parokia alikobatiziwa kila mmoja, ikaandikwa pembeni mwa mstari wake wa ubatizo. Kama buku la ndoa limepotea, limeliwa na mchwa au limelowa, nendeni alikobatiziwa mama. Ukiwa na karatasi yake ya ubatizo yenye namba, kazi ni ya dakika chache. Kinachoharibu ni pale taarifa haikutumwa: ukurasa wa ubatizo unakuwa mtupu pembeni. Hiyo haina maana kwamba hakufunga ndoa. Basi tafuteni kwa upande wa mume.

---

KaraniKatuba

Nimekusikia kuhusu yubilei. Basi tuseme hivi: kama yubilei ilifanyika, jumla ifuate kanisa, na mwaka wa mali usomwe kwenye sentensi yake peke yake. Kama haikufanyika, ifuate mali. Muhimu karatasi iseme wazi.

---

Kamalondo_EtatCivil

Upande wa komini. Kanuni ya Familia ya Kongo (sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016) inatambua ndoa iliyofungwa kifamilia kwa desturi, na inawataka wenye ndoa wafike kwa ofisa wa komini ndani ya mwezi mmoja ili iandikwe. Wazee wengi walioana kabla ya kanuni hiyo, ndiyo maana karatasi yao ya komini, kama ipo, mara nyingi ni ya miaka mingi baadaye, ilipohitajika kwa kazi, pensheni au shule ya watoto. Kwa hiyo soma mistari miwili tofauti kwenye hati: tarehe ndoa ilipofungwa, na tarehe ilipoandikwa. Waandishi wa kilio huchukua ya pili kwa sababu iko juu na ina muhuri. Ndoa ya 1965 inageuka kuwa ya 1989.

Hati ya asili isiwekwe kwenye meza ya picha kilioni. Weka fotokopi. Mzee aliyebaki ataihitaji, maana Kanuni ya Familia inampa mwenzi aliyebaki haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake, na mtu wa kwanza atakayebishana naye atamuuliza karatasi.

---

Nkambo_wa_Likasi

Ongezeni suala la majina, linakwamisha watu sana. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku na kila mtu akabaki na majina ya asili; yalianza kurudi kwenye karatasi baada ya 1990. Mama mmoja anaweza kuwa na sura tatu: kwenye buku la ubatizo la 1948 ana jina la mtakatifu na jina moja la baba, kwenye kitambulisho cha Zaïre ana majina mawili ya asili tu, kwenye kadi ya kura ana yote matatu. Mtafutaji anaona majina tofauti, anasema si yeye. Andikeni sura zote kwenye karatasi moja kabla ya kutoka nyumbani. Angalieni na herufi: mapadri wa zamani waliandika "ou" palipo na "u" leo, na "tsh" palipo na "c".

Miji pia. Élisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966, Jadotville ikawa Likasi, Albertville ikawa Kalemie, Baudouinville ikawa Moba. Jimbo lilikuwa Katanga, likawa Shaba, likarudi Katanga mwaka 1997, na tangu 2015 sisi ni Haut-Katanga. Kwenye historia andika jina la wakati ule na la leo: "alizaliwa Jadotville, Likasi ya leo". Ukiandika la leo peke yake wazee wanahisi umewaondolea ujana wao. La zamani peke yake, wajukuu hawalijui.

---

BintiKenya

Asanti kwa uzi. Tuko kwenye hali hiyo sasa hivi, komini Kenya hapa Lubumbashi. Mama mkubwa wetu ametutoka. Mume wake yupo, ni mzee sana, akili ni nzima lakini miaka anaichanganya: leo anasema walioana 1964, jana alisema 1969. Yubilei hawakufanya. Tufanye nini?

---

KaraniKatuba

Poleni sana, Mungu amupokee. Msimuulize mwaka tena. Mkimuuliza mara ya tatu ataona aibu, atanyamaza, na hapo mtakosa na yale anayoyajua vizuri.

Muulizeni mali ilihesabiwa kwa pesa gani, faranga au zaïre. Zaïre ilianza kutumika Juni 1967. Akisema faranga bila kusita, 1969 imeanguka. Kisha mteremke: ilikuwa kabla ya Tshombe kutangaza Katanga kuwa nchi huru (Julai 1960), wakati wa Katanga, au baada ya kwisha kwake (Januari 1963)? Wakati Englebert (timu ya mpira, TP Mazembe ya leo) wanachukua kombe la Afrika, 1967 na 1968, walikuwa tayari wanakaa nyumba moja? Wanaume wa umri wake wanakumbuka walisikilizia radio kwa nani, na mke alikuwa wapi.

Kwa mambo ya baadaye: ngumi ya Ali na Foreman Kinshasa, Oktoba 1974, vita ya Kolwezi, Mei 1978, noti za zaïre 5 na 10 kuondolewa, Desemba 1979, Papa Yohane Paulo II kufika Lubumbashi, Agosti 1985, mambo ya université (wanafunzi kushambuliwa), Mei 1990, watu wa Kabila kuingia mjini, Aprili 1997.

Halafu mhakikishe na watoto. Mtoto ambaye karatasi yake ya kwanza ya kuzaliwa ina jina la Kikristo, ama alizaliwa kabla ya 1972 ama baada ya 1990. Ukipanga watoto kwa mfuatano, mwaka wa ndoa unabanwa pande zote mbili. Mkibaki na shaka ya mwaka mmoja, andikeni "mwishoni mwa miaka ya 1960" au "kabla ya mwaka 1967". Hakuna atakayewalaumu. Mwaka wa kubuni ndio utakaonakiliwa kwenye msalaba na kubaki pale.

---

SautiYaRuashi

Na mkiwa mnamuuliza, mrekodini. Mume akishabaki peke yake, mambo ya miaka hamsini yamebaki kwenye kichwa kimoja.

Simu iwe kwenye hali ya ndege, isilie katikati. Iwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza tupu, kwa sababu kila mguso wa meza unaingia kwenye sauti. Umbali ni sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isiwe mbele kabisa maana pumzi inapiga maiki. Zimeni jenereta na friji. Mvua ikianza kwenye bati, simamisheni. Sauti hiyo haitoki tena kwa programu yoyote. Dakika 30, pumziko, basi. Msirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp: kidole kikiteleza yote yamepotea. Tumieni programu ya kurekodi iliyomo kwenye simu, na siku hiyo hiyo nakala iende kwenye simu nyingine na kwenye flashi.

Amuulize mtu mmoja, na awe mjukuu. Mtoto anajua majibu anayoyataka, tena kuna mambo mzee hatayasema mbele ya binti yake. Maswali yawe ya vitu: siku ya kwanza mama alipofika nyumbani alipika nini, kwa sufuria ya nani? Mshahara ulipopokelewa, nani alishika pesa? Mlipogombana, nani alitumwa kuleta amani? Swali la "siri ya ndoa yenu ni nini" liacheni. Mzee atajibu kama padri.

---

FotoKampemba

Picha sasa. Familia nyingi zina picha moja nzuri ya ndoa, nyeusi na nyeupe, ya studio, sentimita 6 kwa 9 au karibu na hapo, na wanataka ikuzwe iwe 30 kwa 40 ya kusimamisha kilioni. Inawezekana mkiiskani kwa 1200 dpi, inawapa pikseli kama 2800 kwa 4250. Kwa 600 dpi inakaribia bila kufika: uso unaanza kulegea. Kwa 300 dpi ni ukungu.

Geuzeni mgongo wa picha kwanza. Studio nyingi zilipiga mhuri wenye jina na wakati mwingine tarehe, na mama wengi waliandika kwa kalamu nyuma. Skani na mgongo huo. Huenda tarehe mnayoitafuta iko pale.

Picha iliyogandamana na kioo cha fremu msiibandue kabisa. Ngozi ya picha inabaki kwenye kioo na uso unaondoka. Iskani pamoja na kioo. Zilizo kwenye albamu zenye gundi na plastiki, pitisha uzi mwembamba wa kushonea chini ya picha, polepole kutoka pembe moja. Ikikataa, piga picha ndani ya albamu. Vumbi linaondolewa kwa brashi laini kavu. Maji hapana, mate hapana. Picha za rangi za miaka ya 1970 zilizogeuka nyekundu ziliisha rangi ya samawati ndani yake. Mpiga chapa anaweza kurudisha kiasi, lakini usimruhusu kuwapaka wazee ngozi nyeupe, mashine nyingi hufanya hivyo zenyewe.

Kosa linaloharibu picha kuliko yote: kuituma kwa mpiga chapa kama picha ya kawaida ya WhatsApp. Inapunguzwa hadi pikseli 1600 hivi upande mrefu, na skani yenu nzuri imekwisha. Itumeni kama dokima (faili, "document"), au mpelekeeni flashi.

---

BintiKenya

Tumeuliza kama mlivyosema. Mali ilikuwa ya faranga, na mtoto wa kwanza ana miezi minne wakati zaïre inaanza. Kwa hiyo ni 1966 au kabla. Tumeandika hivi, tuambieni:

"Mama alikuwa mke mwema na nguzo ya familia. Alivumilia mengi katika ndoa yake na hakuwahi kulalamika. Alikuwa mfano kwa wanawake wote."

---

MwalimuMstaafu_Kenya

Binti yangu, ondoa yote matatu. "Alivumilia mengi" ni sentensi hatari: kila mtu kilioni atajaza mwenyewe alichovumilia, na mzee amekaa pale mbele. Kama hakulalamika, watu watauliza kwa nini alikuwa na cha kulalamikia. Weka tendo, mwaka na mahali. Mzee alifanya kazi gani, na mama alifanya nini miaka ya 1990?

---

BintiKenya

Mzee alikuwa Gécamines, kampuni ya migodi. Mshahara ulipoanza kukaa miezi bila kutoka, mama aliuza makala (makaa ya kupikia) mbele ya nyumba. Mzee ndiye alikuwa anapima na ndoo. Watoto wawili walimaliza université kwa makala hayo.

---

MwalimuMstaafu_Kenya

Hiyo ndiyo ndoa yao. Jaribuni:

"Walioana kwa desturi kabla ya mwaka 1967, mali ilihesabiwa kwa faranga. Miaka ya 1990, mshahara wa Gécamines ulipokuwa unakaa miezi bila kutoka, mama alianza kuuza makala mbele ya nyumba. Baba, aliyekuwa mtu wa kazi ya kampuni, alikaa naye barazani akipima kwa ndoo, mbele ya watu waliomfahamu. Kwa makala hayo watoto wao wawili walimaliza université."

Hamna neno la sifa hata moja, na kila mwanamke pale atajua mume alipima ndoo kwa sababu gani. Mwanaume wa kampuni kukaa barazani na makala, miaka ile, halikuwa jambo dogo. Heshima ya mama inaonekana, na ya mzee haikuguswa.

Miaka soma kama watu wanavyoisema. Kama msomaji wenu anahesabu kwa Kifaransa, kama wengi hapa, mwandikieni mwaka kwa maneno ya Kifaransa juu ya tarakimu, asikwame akitafuta "elfu moja mia tisa".

---

Mjomba_Mulamba

Mambo ya watoto. Orodha ya watoto ndiyo inavunja vilio. Waliofariki watajwe, kila mmoja mahali pake pa kuzaliwa, wala si mwishoni kama nyongeza. Mtoto ambaye mzee alimpata nje na mama akamlea: muulizeni mtoto mwenyewe anataka kusomwa vipi, leo, kabla ya karatasi kuchapwa. Mara nyingi anataka asomwe katika mfuatano na wenzake, kwa sababu mama ndivyo alivyomhesabu. Na kama wazee waliwahi kutengana kwa muda, karatasi isiseme "hawakuwahi kutengana". Irukeni miaka hiyo kimya. Uongo utasahihishwa kilioni kwa sauti.

Pia angalieni ukoo. Kwa Babemba na sisi Balamba ukoo unapita kwa mama, kwa hiyo wajomba wa marehemu waione karatasi kabla haijasomwa. Kwa Baluba wa Katanga unapita kwa baba. Familia mchanganyiko, na Lubumbashi ni wengi, waonyesheni pande zote mbili jioni moja. Wakitaka kasala (utenzi wa kusifu ukoo) isemwe, msemaji apewe majina ya mababu siku moja kabla, na asimame peke yake, isiingizwe katikati ya kusoma historia.

---

BukuLaParokia

Neno moja la liturujia. Katika misa ya mazishi mahubiri hayageuzwi kuwa sifa za marehemu. Kama historia itasomwa kanisani, nafasi yake ni baada ya sala ya komunyo, kabla ya kumuaga mara ya mwisho, na iwe fupi: dakika tatu. Ile ya dakika sita isomwe nyumbani usiku wa kilio. Mwonyesheni padri karatasi kabla ya misa, asije akashangazwa na mambo ya ndoo na makala. Wengi wakiisoma watawaomba waitumie wao wenyewe.

---

BintiKenya

Wajomba wameiona, wamekubali. Fundi wa msalaba anauliza aandike nini.

---

KaraniKatuba

Fundi ananakili atakachopewa, hata kama kina kosa. Mpeni karatasi yenye herufi kubwa za chapa, isiwe ujumbe wa simu uliojaa vifupisho. Mstari wa kwanza jina na jina la pili, wa pili jina la ubatizo, wa tatu miaka ya kuzaliwa na kufa. Wa ndoa wekeni tu kama mwaka ni wa hakika. Kwenu si wa hakika, basi uachwe. Watu wawili wasome msalaba kwake kabla rangi haijakauka, mmoja wao akitamka herufi moja moja.

Na muulizeni mzee kama anataka kulazwa karibu naye. Akisema ndiyo, ulizeni nafasi ya pili makaburini siku hiyo hiyo mnayolipia ya kwanza, na mpate risiti yenye namba zote mbili. Safu inajazwa kwa mpangilio wa wanaofika, na baada ya wiki moja pembeni yake patakuwa na mtu mwingine.

---

BintiKenya

Mzee amesema ndiyo. Yaya wetu (ndugu yetu mkubwa) anakwenda kesho asubuhi saa mbili, na pesa za mbili.